Nitajuaje mtetea yupi anataga na yupi anakula bure?

Mzee wa Banda Dogo:
Wakuu, habari za jioni. Nina mitetea sita, chotara, nyuma ya nyumba hapa Kibaha. Umri mwaka mmoja na miezi minne. Nilizoea kuokota mayai manne kwa siku, sasa wiki ya tatu naambulia mawili, siku nyingine moja. Jumamosi nina wageni na mke wangu ameshaamua mmoja aingie sufuriani. Mimi nampigia hesabu wa madoadoa. Kachakaa, manyoya ya mkia yamekatikakatika, hana hata sura. Mweusi simgusi, ananawiri, na kila asubuhi anatetea mpaka jirani anasikia. Tatizo natoka saa 11 alfajiri, sijawahi kumwona yeyote akiwa kiotani. Nitamjuaje anayetaga kabla sijashika kisu?

Babu Mitetea:
Mkuu, usichinje kwa kuangalia manyoya, utalia. Kuku anayetaga sana huwa hivyo hivyo, kachakaa, chakula chote kinaishia kwenye yai. Huyo mweusi anayeng'aa ndiye ningemshuku mimi.

Subiri usiku wakishatulia kwenye fito. Mbebe chini ya kwapa, mkia uelekee mbele. Pembeni ya njia ya kutagia utagusa ncha mbili za mifupa ya nyonga. Lalisha vidole katikati yake. Kwa anayetaga vinaingia viwili, hata vitatu. Kwa asiyetaga ni kimoja, tena kwa kubana. Kisha pima kutoka hapo hadi ncha ya mfupa wa kidari: anayetaga anakupa vidole vitatu au vinne, na tumbo ni laini kama unga wa chapati. Njia yenyewe iwe pana na yenye unyevu. Ukikuta kitundu kidogo kikavu, hapo hakuna yai.

Kijana wa Mbagala:
Chinja jogoo, ugomvi uishe.

Mzee wa Banda Dogo:
Sina jogoo mkuu 😂

Mama Vifaranga:
Kaka, kutetea si ushahidi. Mwenzake akitaga naye anapokea, kama vigelegele vya harusi.

Wako wana miguu ya njano? Basi angalia rangi. Ile njano inakwenda kwenye kiini cha yai, kwa hiyo anayetaga anapauka: kwanza njia ya kutagia, halafu duara la jicho, halafu mdomo kuanzia kwenye shina, miguu mwisho kabisa. Mwenye miguu iliyopauka ametaga muda mrefu. Akiacha kutaga, njano inarudi kwa mpangilio huo huo. Kilemba nacho kinasema, chekundu na kimejaa, au kimesinyaa na kupauka.

Shamba Boi:
Wafungie bandani hadi saa 8 mchana siku mbili tatu. Wengi hutaga kabla ya hapo. Huenda kuna anayetagia migombani na kenge ndiye anayefaidi. Na kama wote wameshuka kwa mpigo na maganda yamekuwa laini, acha mambo ya vidole, muulize mtaalamu wa mifugo na ukumbuke chanjo ya kideri.

Mzee wa Banda Dogo:
Mrejesho. Jana usiku mke kashika tochi ya simu, mimi nimepima. Wa madoadoa: vidole viwili vimeingia na nafasi imebaki, mdomo mweupe, miguu kama imeoshwa kwa jiki. Nusura nimchinje! Mweusi: kidole kimoja, miguu ya njano kama embe bivu. Wa kahawia mmoja sikumpima, alikuwa kiotani amejitanua kama sinia, kanidonoa mkono. Kumbe anaatamia yai moja lisilo na jogoo. Kati ya watatu waliobaki, wawili wanataga, mmoja hapana.

Babu Mitetea:
Mweusi alinyonyoka manyoya hivi karibuni?

Mzee wa Banda Dogo:
Ndiyo, bandani kulijaa manyoya meusi, nikadhani kicheche.

Babu Mitetea:
Basi alikuwa anavaa upya, na wakati huo kuku hatagi. Manyoya yakitimia atarudi, na mayai yatakuwa makubwa kidogo kuliko ya kwanza. Mwongezee dagaa. Wa kahawia mtoe kiotani kila ukimkuta, na lile yai liondoe.

Mzee wa Banda Dogo:
Nimemsomea mke majibu yote. Kasema Jumamosi wageni watakula changu wa nazi.