Naomba ushauri: jioni ya kumkumbuka Chris Squire wa Yes, nianze na nyimbo zipi?

BesiYaKilimanjaro

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya mnaoujua ule muziki wa rock wa kina Yes, Genesis na King Crimson, wenye nyimbo ndefu na mapigo yasiyotulia.

Tarehe 27 Juni ndiyo siku aliyofariki Chris Squire, mpiga besi wa Yes, mwaka 2015 kule Phoenix, Arizona. Alikuwa na miaka 67. Saratani ya damu ilimwondoa haraka mno. Mwezi Mei bendi ilitangaza kuwa anaumwa, na Juni haikuisha akiwa hai. Safari hii nataka tukae jioni moja tumsikilize. Wageni wangu wengi ni wanakwaya wenzangu wa usharika, pamoja na vijana wawili wanaojifunza gita. Hakuna hata mmoja anayemfahamu.

Nimekwama sehemu mbili. Sijui nifungue na wimbo upi, maana nikiwawekea Close to the Edge, dakika 18 mfululizo, watu wataanza kuchezea simu. Halafu kuna mama mmoja wa kwaya kaniuliza, huyo mzungu alikuwa nani kwako hadi umfanyie kumbukumbu? Nikamwambia besi nimejifunza kwa kumsikiliza yeye. Aliitikia kwa adabu tu, nikaona jibu halijamwingia. Nisaidieni, hili jambo nalipenda sana na sitaki lipite kama starehe ya kawaida.

RizimuYaZamani

Mkuu, hongera kwa wazo. Fungua na Roundabout, albamu ya Fragile ya 1971. Gita linaanza peke yake taratibu, kisha besi inaingia na kuushika wimbo wote. Hata asiyejua chombo ataisikia.

Ila nakuomba kitu kimoja kabla ya nyimbo: angalia vyombo vyako. Sabufa zetu za majumbani zinaongeza mvumo wa chini hadi kila besi inakuwa ngurumo. Squire hakupiga hivyo. Alitumia gita la besi aina ya Rickenbacker, akapiga kwa kipiki, kile kijiplastiki cha kukwanyulia nyuzi, na sauti akaigawa njia mbili: ya chini ikaenda kwenye amplifaya ya besi, ya juu ikaenda kwenye amplifaya nyingine kama ya gita. Ndiyo maana besi yake inakwaruza na kung'aa kwa pamoja. Punguza besi kwenye sabufa, pandisha treble kidogo, na spika mbili uziweke mbalimbali. Usipofanya hivyo utawasikilizisha mtu mwingine kabisa.

MamaAlto

Ndugu, jibu la huyo mama unalo mkononi. Squire alikuwa mwanakwaya kabla hajashika besi! Alilelewa Kingsbury, London, akiimba kwaya ya watoto ya kanisa la St Andrew's chini ya Barry Rose, mwalimu ambaye baadaye aliongoza kwaya ya kanisa kuu la St Paul's. Mtoto aliyefundishwa kusikia sauti nne kwa pamoja hawezi tena kupiga besi ya kujificha. Ukimsikiliza, besi yake ina wimbo wake, inapishana na mwimbaji kama sauti ya tatu inavyopishana na ya kwanza. Na mwenyewe aliimba: zile sauti za juu zinazomfuata Jon Anderson, mwimbaji mkuu wa Yes, nyingi ni za Squire.

Kwa hiyo mimi nisingefungua na Roundabout. Fungua na I've Seen All Good People, kwenye The Yes Album ya 1971. Inaanza kwa sauti za watu tupu, bila chombo. Wanakwaya wako wataacha kuongea hapo hapo. Na ile nusu ya pili iliyochangamka ni utunzi wa Squire mwenyewe.

KandaNaSahani

Nakubaliana na MamaAlto kuhusu kufungua. Ila Close to the Edge usiiogope, tafadhali. Hiyo ya 1972 ndiyo kilele chao. Katikati kuna sehemu ya utulivu ambapo Anderson anaimba mbele huku Squire na mpiga gita Steve Howe wakimwitikia polepole nyuma, halafu kinanda cha kanisa, kile cha mabomba, kinalipuka mikononi mwa Rick Wakeman. Mtu wa kwaya atakuambia nini hapo? Waanzishie kwenye ile sehemu, kama dakika nane na nusu ndani.

RizimuYaZamani

@KandaNaSahani kuukata wimbo ule katikati hapana. Utulivu ule una uzito kwa sababu umepita kwanza kwenye ile vurugu ya mwanzo, ndege wanalia, maji yanatiririka, kisha vyombo vyote vinagongana. Mwenye nyumba awape watu chai na maandazi, awaambie wimbo huu ni mrefu, aweke wote. Watu wanakaa mahubiri ya saa nzima, dakika 18 watashindwa?

Albamu yao ya Tales from Topographic Oceans ndiyo usiiguse siku hiyo. Nyimbo nne, kila mmoja upande mzima wa sahani. Naipenda, lakini si ya wageni.

KijanaWaGita

Na Owner of a Lonely Heart je? Huo hata sisi vijana tunaujua, ulishika namba moja Marekani.

KandaNaSahani

Huo wa 1983 chimbuko lake ni Trevor Rabin, na gita lake ndilo linalobeba. Kwa jioni ya mpiga besi ningeuacha. Ila simulizi lake liseme: Squire, Rabin na mpiga ngoma Alan White walikuwa wameanzisha bendi nyingine, Cinema, na Anderson aliporudi ndipo jina la Yes likafufuka. Waliingia na kutoka wengi sana, lakini hadi anafariki Squire ndiye pekee aliyekuwemo kwenye kila albamu ya studio ya Yes tangu bendi ilipoundwa 1968. Uaminifu wa namna hiyo nadra kuuona kwenye muziki.

MamaAlto

Hapo umenikumbusha. Kuna albamu yake binafsi ya 1975, Fish Out of Water. Wimbo wa kwanza una kinanda cha kanisa, na anayekipiga ni yule yule Barry Rose! Mwanafunzi kawa nyota wa rock, kamwita mwalimu wake wa kwaya aje kurekodi naye. Aliyepanga okestra, Andrew Jackman, naye aliimba naye utotoni. Mpigie huyo mama wimbo huo, msimulie hayo, kisha umwache ajibu mwenyewe swali lake.

BesiYaKilimanjaro

Wakuu, asanteni kutoka moyoni. Habari ya Barry Rose sikuijua. Ile albamu nimeicheza leo mara nyingi, na sasa najua nitamwambia nini yule mama.

Naenda hivi: I've Seen All Good People, kisha Roundabout. Kwa wale vijana wawili nitaweka The Fish, kipande kifupi cha Fragile ambamo Squire alijenga karibu kila kitu kwa besi, tabaka juu ya tabaka. Hapo nitasimamisha niwaonyeshe kwa besi yangu. Halafu Fish Out of Water, chai, Close to the Edge yote bila kukata. Nifunge na nini sasa?

RizimuYaZamani

Onward, ya 1978, utunzi wake. Ni mfupi na mpole. Agosti 2015, bendi ilipopanda jukwaani mara ya kwanza bila yeye, kule Connecticut, walianza kwa kuucheza uliorekodiwa huku Rickenbacker yake imesimamishwa peke yake kwenye mwanga. Usiongee kabla yake wala baada.

KijanaWaGita

Mkuu mimi niko Himo, si mbali. Nije? Nina spika mbili nzuri zisizo za sabufa na waya mrefu.

BesiYaKilimanjaro

Njoo mdogo wangu, na spika zako. Fika saa tisa tuzifunge na kuzijaribu, wageni wanaingia saa kumi na moja. Nimekutumia ujumbe wa maelekezo.