Nuktamkato katika maandishi ya Kiingereza: itumike wapi, iachwe wapi?

Mhariri wa Ziwani

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninahariri jarida dogo la Kiingereza la mradi wa kilimo kandokando ya Ziwa Victoria, na mimi na mwenzangu tumekwama kwenye sentensi moja. Mwandishi wetu ameandika hivi: "The rains came early, however, the seeds had not arrived." Mwenzangu anashikilia kwamba sentensi hiyo haina kasoro, kwa kuwa "however" imewekewa mikato pande zote mbili. Mimi naona panahitajika nuktamkato (;), ila sina kanuni ya kumwonyesha ikamridhisha. Naomba ufafanuzi: nuktamkato hutumika lini hasa katika Kiingereza, na ni lini mkato au nukta inatosha? Lile jibu la kwamba ni pumziko refu kuliko mkato na fupi kuliko nukta nimelisikia tangu sekondari, na halinisaidii kuamua chochote.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mhariri, jibu la pumziko halikusaidii kwa sababu linamhusu mtu anayesoma kwa sauti, ilhali Kiingereza cha leo huakifishwa zaidi kwa kufuata muundo wa sentensi. Anza kwa kutafuta vishazi huru. "The rains came early" kinaweza kusimama peke yake, na "the seeds had not arrived" vilevile. Katika Kiingereza sanifu, vishazi huru viwili haviunganishwi kwa mkato mtupu. Ama uvitenganishe kwa nukta, ama uweke mkato pamoja na kiunganishi kama "and", "but" au "so", ama uweke nuktamkato bila kiunganishi.

Linalomchanganya mwenzako ni hilo neno "however". Maana yake inakaribiana sana na "but", lakini kisarufi ni kielezi, na kielezi hakina nguvu ya kufunga vishazi viwili. Mpe jaribio hili: ajaribu kulihamisha. Anaweza kuandika "the seeds, however, had not arrived", au akalipeleka mwisho kabisa, na sentensi isiharibike; "but" haikubali kuhamishwa namna hiyo. Maneno "therefore", "moreover", "nevertheless" na "consequently" yamo katika kundi hilohilo.

Sasa tazama hasara inayopatikana alama ikikosekana. Ukiandika "The rains came early; however, the seeds had not arrived", unasema kwamba mvua ziliwahi lakini mbegu hazikuwa zimefika. Ukiandika "The rains came early, however; the seeds had not arrived", ile "however" inageukia nyuma na kupinga jambo lililokwisha kutajwa, tuseme utabiri kwamba mvua zingechelewa, na habari ya mbegu inafuata baada ya hapo. Sentensi ya mwandishi wenu, yenye mikato miwili, inamwachia msomaji kazi ya kuchagua mojawapo ya maana hizo, na kazi hiyo haikuwa yake.

Nadhani kosa hili linatuandama sana sisi watumiaji wa Kiswahili kwa sababu vitenzi vyetu hubeba kiungo ndani yake. Tunasema "Mvua ziliwahi, mbegu zikachelewa", na mkato unatosha kabisa, kwa kuwa ile -ka- katika "zikachelewa" imekwisha kukifunga kishazi cha pili kwenye kile cha kwanza. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha kufanya kazi hiyo, kwa hiyo kiungo lazima kiwekwe wazi kati ya vishazi, kwa neno au kwa alama. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili huku akiandika Kiingereza huacha mkato mahali ambapo -ka- ilikuwa imemtosheleza. Nimesahihisha insha kwa miaka mingi, na hapo ndipo wanafunzi hodari wanapoponyokwa na alama, hata wale ambao msamiati wao ni mpana kuliko wa wenzao wote.

Tahadhari moja: pande zote mbili za nuktamkato hii ziwe vishazi huru. "Although the rains came early; the seeds had not arrived" ni kosa, kwa sababu kishazi kinachoanza na "although" ni tegemezi, na hapo mkato ndio unaofaa. Pia neno linalofuata nuktamkato huanza kwa herufi ndogo, isipokuwa likiwa jina la pekee au kiwakilishi "I".

Mtafiti wa Afya

Naongeza matumizi ambayo hayahusiani na vishazi. Orodha ikiwa na mikato ndani ya vipengele vyake, nuktamkato hutenganisha kipengele na kipengele: "The team held meetings in Mwanza, Tanzania; Kisumu, Kenya; and Jinja, Uganda." Weka mikato mitupu hapo, na msomaji asiyeyajua maeneo yetu atahesabu sehemu sita badala ya tatu. Kwa wanaoandika tasnifu, mtindo wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) nao hutumia nuktamkato kutenganisha marejeo ya kazi za waandishi mbalimbali zinapowekwa ndani ya mabano yaleyale.

Mhariri wa Ziwani

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana. Jaribio la kuhamisha neno limemridhisha mwenzangu. Yamebaki mawili. Kwanza, ikiwa nukta nayo ni sahihi kati ya vishazi huru, nitajuaje wakati wa kuchagua nuktamkato? Pili, mwenzangu anauliza kama alama hii ina uzito wowote wa kweli, au ni pambo tu la wasomi.

Wakili wa Pwani

Hilo la pili naomba nilijibu mimi. Mkataba ulioanzisha Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Ujerumani ya Kinazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ulitiwa saini London tarehe 8 Agosti 1945. Kifungu cha 6(c), kinachohusu uhalifu dhidi ya ubinadamu, kilitaja kwanza mauaji, utumwa, kuhamisha watu kwa nguvu na matendo mengine ya kinyama dhidi ya raia, kabla ya vita au wakati wa vita. Kisha kikataja mateso kwa misingi ya siasa, rangi au dini, yanayohusiana na uhalifu mwingine ulio chini ya mamlaka ya mahakama hiyo. Katika matini ya Kiingereza na ya Kifaransa, sehemu hizo mbili zilitenganishwa kwa nuktamkato, na kwa usomaji huo sharti la uhusiano liliibana sehemu ya pili peke yake. Matini ya Kirusi ilikuwa na mkato. Tarehe 6 Oktoba 1945 mataifa husika yalitia saini itifaki mjini Berlin kwa ajili ya kubadilisha alama hiyo moja iwe mkato, na sharti likasomwa kuwa linaibana orodha nzima. Katika hukumu yake ya mwaka 1946, mahakama ilikataa kutamka kwa jumla kwamba matendo yaliyofanyika kabla ya mwaka 1939 yalikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa maana ya mkataba huo, kwa kuwa uhusiano huo haukuwa umethibitishwa. Alama ambayo mataifa makubwa manne yaliitungia itifaki nzima siwezi kuiita pambo.

Mfano wa karibuni zaidi unatoka jimbo la Maine, Marekani, ambako madereva wa kampuni ya maziwa walidai malipo ya saa za ziada. Sheria iliorodhesha kazi zisizolipiwa saa hizo kwa kutumia mikato, na mwisho wa orodha ukawa na utata; mwaka 2017 mahakama ya rufani ikautafsiri utata huo kwa manufaa ya madereva. Bunge la jimbo liliporekebisha kifungu, lilitenganisha kazi hizo kwa nuktamkato.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Kuhusu kuchagua, tazama kama kishazi cha pili kinapungukiwa maana kikisomwa mbali na cha kwanza. "The north received rain; the south did not." Hapo habari ni ile tofauti yenyewe, na nukta ingeikata vipande viwili. Lakini kama kila upande una mengi ya kusema, tumia nukta bila wasiwasi. Kiunganishi kama "but" kikiwapo, mkato kwa kawaida unatosha. Mimi mwenyewe nikiona nuktamkato tatu katika aya moja ya ripoti, huondoa angalau mbili, kwa maana msomaji huanza kubeba sentensi bila kupata mahali pa kuitua.

Kwa jarida lenu, kama habari ya mbegu inaishia hapohapo, andika: "The rains came early; however, the seeds had not arrived." Kama aya inaendelea kueleza zilikwama wapi na nani alipaswa kuzileta, weka nukta baada ya "early", kisha uanze sentensi mpya kwa "However" na mkato wake.