Tupeane uzoefu: malazi na usafiri Chennai, India

Kigoda (mwanzisha mada)
Wakuu, nimerudi juzi kutoka Chennai, wiki tano na mama kwenye matibabu. Ya hospitali nayaacha. Tuongee pa kulala na cha kupanda, maana huko ndiko nilikotokwa jasho.

Chumba nilishakilipia mtandaoni tangu Dar. Tumefika saa saba usiku, mama hoi, kijana wa mapokezi akafungua pasi zetu, akazifunga, akazirudisha. Hawalazi wageni wa nje. Sababu nilikuja kuijua baadaye: kila anayemlaza mgeni wa nje lazima apeleke taarifa zake uhamiaji ndani ya saa 24, kwa kitu kinaitwa Fomu C. Nyumba nyingi ndogo hazitaki huo usumbufu. Hela yangu ilirudi baada ya siku tisa.

Aliyetuokoa ni dereva wa bajaji aliyetukuta tumekalia mabegi barabarani. Alitupeleka Greams Road, mtaa wa hospitali na loji, akachukua rupia 600 kwa mwendo ambao baadaye nilikuwa naulipia 120. Sikumlaumu, usiku ule hata angesema 1,000 ningetoa. Kwa hiyo ukishapata chumba, piga simu kwanza uulize: Fomu C mnajaza?

Nyangumi wa Mvita
Pole sana. Mimi niliona kibao kimeandikwa Hotel, nikaburura sanduku mpaka ndani. Jamaa akanitandikia jani la mgomba, akaweka idli tatu, vile vitumbua vyao vya mvuke, na mchuzi. Kumbe kule hoteli ni pa kula, kama tu kwetu Mombasa, mimi ndiye niliyejisahau! Nikala, nikalipa, ndio nikauliza pa kulala. Tafuteni kibao cha Lodge.

Bibi Kanga
Ongezeni na hili: loji nyingi huhesabu saa 24 tangu ulipoingia. Sisi tuliingia saa kumi alfajiri, siku ya kuondoka tukagongewa saa kumi alfajiri.

Kama mgonjwa wako ni mtu mzima, lipia chumba chenye jiko la gesi hata kama kimezidi bei. Mzee wangu alikataa sambar, mchuzi wao wa dengu, siku tatu mfululizo. Unga wa sembe niliobeba uliisha wiki ya pili, nikaenda dukani nikanunua rava, ile ngano ya chengachenga, nikasonga. Ugali wake unateleza na haushikiki vizuri, lakini alimaliza sahani na kuuliza kama kuna mboga nyingine.

Mtoro wa Lekcha
Nasoma hapa, mwaka wa tatu. Bajaji zilipangiwa nauli na serikali mwaka 2013: rupia 25 kwa kilomita 1.8 za mwanzo, halafu 12 kila kilomita. Mita wanazo. Nimewashiwa mara mbili tangu nije.

Elewaneni bei kabla hujakaa, na umwite "anna", yaani kaka mkubwa, uso wake utalegea kidogo. Kihindi cha kwenye filamu kiache nyumbani, hapa ni Kitamil. Ukiita gari kwa programu ya simu, dereva atakupigia kuuliza unakwenda wapi na unalipa vipi, akisikia kadi anaghairi. Programu inakupa namba ya tarakimu nne ya kuanzishia safari, hiyo umtajie ukishakaa ndani, si kabla.

Mimi siku hizi ni metro tu, treni ya mjini. Kutoka uwanja wa ndege, mstari wa buluu unakushusha Thousand Lights, jirani kabisa na Greams Road. Kiyoyozi, na hakuna wa kubishana naye.

Nyangumi wa Mvita
Na kwenye basi, viti vya kushoto ni vya akina mama. Nilikaa kimoja. Hakuna aliyesema neno, basi zima lilinitazama tu mpaka nikainuka.

Kinyonga
Mwezi ujao nampeleka baba, goti halimruhusu ngazi. Hizo loji zina lifti?

Kigoda
Zipo mkuu, ila yetu ilikuwa ya mlango wa nondo unaovutwa kwa mkono. Mtu akishuka bila kuufunga, haiendi popote. Siku ya pili mama alisimama pale chini dakika ishirini anabonyeza kitufe, kumbe mpangaji wa ghorofa ya tatu kauacha wazi kaenda kuoga. Omba chumba cha chini.