Mercedes 911 iliyolala: injini imeshika, nianzie wapi?

MwanaMaweni: Salaam aleikum. Nina lori la Mercedes 911, injini ya dizeli OM352, limeegeshwa miaka mingi jirani na bahari hapa Malindi. Krenki (shafti kuu ya injini) haizunguki kabisa. Nifungue hedi (kifuniko cha juu cha silinda)?

Fundi wa Gede: Wacha hedi, na stata usiiguse. Toa nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zote 6, changanya dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, mimina vijiko vitatu vya chakula kila silinda. Ipe wiki nzima, haraka haina baraka. Kisha tia spana ndefu kwenye boliti ya puli ya krenki, sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikiachia, zungusha kwa mkono nozeli zikiwa nje, mafuta yaruke. Yakibaki juu ya pistoni hayashindiliki, na hapo ukipiga stata ndipo rodi ya pistoni hupinda. Kwa kawaida ni ringi za pistoni zimeganda kwa kutu: valvu ikibaki wazi, hewa ya chumvi huingia hadi ndani.

Babu Lori: Kwanza kaka, gia iko huru? Breki zikigandia dramu na gia imeingia, utalaumu injini bure.

MwanaMaweni: Iko huru. Nozeli mbili zimegoma.

Babu Lori: Ziloweke kwa dizeli pembezoni mwake, usipige nyundo. Ukizirudisha, weka washa (vipete bapa vya kuziba) mpya za shaba. Nafasi ya valvu pima injini ikiwa baridi: ya hewa 0.20 mm, ya moshi 0.30. Dizeli ya zamani mwaga yote, tangi likiwa na kutu lioshe kabla ya filta mpya.