Mama anataka kuacha metformini aanze vidonge vya kahawa mbichi, nifanyeje?

NyarKondele
Hamjambo wadau. Niko Kisumu. Mama yangu ana sukari, na kwa miaka amekuwa akimeza metformini. Sasa rafiki yake wa chama amemuuzia vidonge vya kahawa mbichi, ile ya kijani ambayo haijakaangwa, shilingi 2,500 kwa chupa. Karatasi yake inasema vina asidi ya klorojeniki "inayofunga sukari kwenye ini" na kumaliza kitambi. Mama ameshakata shauri: metformini ni kemikali, hii ni mmea, basi anabadilisha. Nikibisha naambiwa nimesoma hadi nimepotea. Kuna ukweli hapo?

ElgonAA
2,500! Sisi tunaoichuma huku Mlima Elgon tukilipwa hivyo kwa chupa, watoto wote wangekuwa shule za kulala. Naketi, wasomi waje.

Mnjoro
Nimesomea sayansi ya chakula Egerton, acha nijaribu. Asidi hiyo ipo kweli. Ni asidi ya kafeiki iliyoshikana na ya kwiniki, na kahawa mbichi inayo kwa wingi. Moto wa kukaanga huiharibu, ndiyo sababu wauzaji wanasisitiza iwe mbichi.

Habari ya ini nayo haikutoka hewani. Mtu akikaa bila kula, usiku kwa mfano, ini hutoa glukosi, yaani sukari ya mwilini, na kuiachilia kwenye damu. Kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) kinachofungua mlango huo mwishoni ni glukosi-6-fosfatasi, na maabara asidi hii imeonekana kukizuia. Lakini huko maabara kimeng'enya humwagiwa asidi moja kwa moja. Ukiimeza, karibu theluthi moja tu ndiyo hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Nyingine hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wakaivunjavunja, na kinachoingia kwenye damu huko kwa sehemu kubwa ni vipande vyake.

Kuhusu kitambi: utafiti uliovumisha biashara hii ulitoka 2012, ukiwa na watu 16 huko India. 2014 kampuni iliyoufadhili, Applied Food Sciences, ilikubali kulipa dola milioni 3.5 baada ya serikali ya Marekani kusema utafiti wenyewe haufai, na waandishi wakauondoa.

Sasa mwambie mama hivi, kwa upole: metformini ndiyo inayopunguza glukosi inayotoka kwenye ini, na imethibitishwa kwa wagonjwa wenyewe. Tena ukoo wake ni mmea. Wazo lake lilianzia kwa Galega officinalis, uliotumika Ulaya tangu zamani. Daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha 1957 habari za kuwatibu wagonjwa kwa metformini.

NyarKondele
Hiyo ya mmea itamnyamazisha! Asante sana.

SistaWaBusia
Dada, usimnyamazishe, muulize. Mimi ni nesi. Mzee akitaka kuacha dawa ghafla, mara nyingi kuna kitu dawa inamfanyia na anaona aibu kusema. Tumbo linamwendesha?

NyarKondele
Nimetoka kumuuliza. Kumbe harudi kanisani ibada ya pili kwa sababu ya choo. Hakuwahi kutuambia.

SistaWaBusia
Basi ugomvi wenu haukuwa wa kahawa. Aimeze katikati ya chakula, si tumbo tupu. Pia kuna metformini inayoyeyuka polepole, haisumbui tumbo sana. Daktari ndiye wa kumbadilishia. Asiache mwenyewe, sukari hupanda bila kubisha hodi. Ana presha?

NyarKondele
Anayo, anameza dawa.

SistaWaBusia
Hapo vidonge visifunguliwe kabisa. Kahawa mbichi pia ina kafeini, na kafeini hupandisha presha.

ElgonAA
Na kikombe cha kawaida je? Msituue soko.

Mnjoro
Kikombe hakina neno kwa wengi. Vijiko vinne vya sukari ndani yake ndiyo shida.

SistaWaBusia
NyarKondele, beba chupa na dawa zote siku ya kliniki. Uliza HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu. Hakihitaji kufunga, kwa hivyo mama anywe chai yake kwanza.