Kompyuta ya kuendesha CNC: Windows 7, Windows 10 au LinuxCNC?

FundiMninga (Keko, Dar es Salaam)
Habari za kazi wakuu. Nina karakana ya milango na vitanda, na mashine mbili za CNC (za kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta). Ya kwanza ni ndogo, meza sentimita 60 kwa 90. Ilikuwa inaendeshwa na programu ya Mach3 kwenye Windows XP kupitia ile poti pana ya paraleli, na wiki iliyopita mazabodi ya kompyuta yake imekufa. Ya pili naijenga: skrubu za kusogezea za 1605, stepa (mota zinazokwenda hatua kwa hatua) za hatua 200 kwa mzunguko, bodi ya kuiongoza bado sijanunua.

Nimechukua Dell OptiPlex 780 iliyotumika kwa sababu ina poti ya paraleli nyuma. Ina Windows 10 ya biti 64. Mach3 inafunguka vizuri, lakini mashine haisogei hata kidogo. Mmoja ananiambia nirudi Windows 7, mwingine Linux. Vijana wangu wamezoea Mach3 na kazi za wateja zimenijaa mlangoni. Nishaurini.

Spana13
Mkuu, mashine yako ni nzima. Draiva ya Mach3 (programu ndogo) ya poti ya paraleli haifanyi kazi kwenye Windows yoyote ya biti 64. Weka Windows 7 ya biti 32, zima apdeti, zima kulala kwa skrini na disk, usiweke hata kicheza muziki. Yangu inachonga hivyo miaka sita sasa.

Ila usiiunganishe na intaneti. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 2020, na XP tangu Aprili 2014. Flashi za wateja ndizo zinazoleta virusi, kwa hiyo zipitie kwanza kwenye kompyuta nyingine.

DadaPlazma (Arusha)
Kaka FundiMninga, kabla ya kuchagua mfumo jiulize swali moja: mapigo ya umeme ya kusukuma stepa yanatolewa na nani? Yakitolewa na kompyuta yenyewe kupitia paraleli, mfumo endeshi ndio kila kitu. Yakitolewa na bodi ya nje, kompyuta inabaki kuwa karani tu.

Piga hesabu ya skrubu zako. Stepa hatua 200, draiva ya stepa (kifaa kinachoipa umeme) umeiweka igawe kila hatua mara 8, ni mapigo 1,600 kwa mzunguko mmoja. Skrubu ya 1605 inasogea milimita 5 kwa mzunguko, kwa hiyo kila milimita inataka mapigo 320. Mach3 kwa mpangilio wake wa kawaida inatoa mapigo 25,000 kwa sekunde, yaani kasi ya juu kabisa ni kama milimita 4,690 kwa dakika. Ukiiweka draiva hiyo kwenye 16, kasi hiyo inagawanyika kwa mbili.

Sasa ukikimbia 4,000 kwa dakika, nafasi kati ya pigo na pigo ni takriban mikrosekunde 47. Kompyuta ikichelewa mikrosekunde 100 tu kwa sababu imeenda kushughulikia jambo lake jingine, stepa inaweza kunguruma na kubaki nyuma. Programu haijui, inaendelea kuhesabu kana kwamba mashine imefika. Ndiyo maana unakuta ua limechongwa kando ya shina lake kwenye mlango wa mninga ambao mteja ameshaulipia. Nimeshaona fundi anakaribia kulia kwa jambo hilo.

Windows haikutengenezwa kutunza muda kwa ukali huo. LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine kwenye Linux, inatumia kerneli (kiini cha mfumo) ya muda halisi, ambayo kazi ya mashine inapita mbele ya kila kitu. Mizizi yake ni mradi wa EMC wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, na ni ya bure. Ina kipimo chake cha ucheleweshaji. Iwashe kutoka kwenye flashi bila kufuta disk, endesha kipimo, huku umefungua madirisha mengi na video. Ukipata chini ya nanosekunde 20,000 (mikrosekunde 20), kompyuta ni nzuri sana. 30,000 hadi 50,000 inafaa ila kasi itapungua. Ikifika 100,000, usiitumie kutoa mapigo.

Jirani_Kamukunji (Nairobi)
Nakubaliana na dada kuhusu swali la mapigo, lakini kwa mashine mpya mimi singegusa paraleli kabisa. Yangu ina bodi ndogo ya Arduino Uno yenye programu ya GRBL, inatoa hadi mapigo 30,000 kwa sekunde yenyewe. Kompyuta inatuma mistari ya G-code (maagizo ya mwendo) tu kwa programu ya Universal Gcode Sender, na hiyo inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Windows 10 haina shida hapo.

Shida yangu imekuwa kebo ya USB. Spindo (mota inayozungusha kisu) ikiwaka, mawasiliano yanakatika katikati ya kazi. Nilinunua kebo fupi yenye ngao, nikaitenga mbali na waya wa spindo, na fremu nikaiunganisha na ardhi. Tangu hapo imetulia.

Spana13
Dada, hesabu yako siipingi. Lakini vijana wake watajifunza Linux lini? Siku mashine imesimama ni siku ya hasara. Na programu ya kuchora je? Vectric haina toleo la Linux.

DadaPlazma (Arusha)
Kuchora kubaki ofisini kwenye Windows, hapo sina ubishi. Kompyuta ya mashine isome G-code tu, isifanye kazi nyingine. Vijana wangu walizoea skrini ya LinuxCNC ndani ya siku tatu: vitufe ni kuwasha, kurudisha sifuri, kuanza, kusimamisha.

Kwa mashine mpya, kama pesa ipo, chukua kadi ya Mesa ya kebo ya mtandao, itoe mapigo yenyewe. LinuxCNC haiendeshi mashine kwa USB, kwa sababu USB haitabiriki kwa muda.

Na nunueni UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika spindo ikiwa ndani ya ubao, hakuna mfumo endeshi utakaokusaidia.

FundiMninga (Keko, Dar es Salaam)
Nimepima jana usiku. Mara ya kwanza ilipanda hadi 140,000, nikakata tamaa. Nikaingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), nikazima mambo yote ya kubana umeme wa prosesa, nikapima tena saa nzima video ikicheza: 18,600.

Ndogo itakwenda LinuxCNC. Disk yenye Windows nimeichomoa na kuiweka kabatini, nikikwama naweka Windows 7 kama alivyosema Spana13. Ile mpya nitaanza na GRBL, Mesa nitaifuata nikishalipwa kazi ya hoteli.

DadaPlazma (Arusha)
Hongera kaka. Usifunge kisu bado. Weka saa ya kupimia (geji yenye sindano) kwenye ncha ya mhimili wa X, iamuru iende milimita 300 na kurudi mara 50 kwa kasi ya juu, halafu Y hivyo hivyo. Sindano isiporudi palepale, punguza kwanza mchapuko (jinsi mwendo unavyopanda haraka) kabla ya kugusa kingine, kisha utuletee namba.