Wiki moja ndani ya mashua ya mfereji Uingereza: tufungashe nini, na nini tuache?

Mwalimu wa Bugembe (Jinja)

Ndugu zangu, salaam. Dada yangu anayeishi Birmingham ametualika mama yetu, mimi na mwanangu wa miaka 9, tukae naye wiki moja mwishoni mwa mwezi wa tano ndani ya mashua ya mfereji, ile nyembamba na ndefu ambayo wasafiri hulala na kupika humo na kuiendesha wenyewe. Tutapita Mfereji wa Llangollen, unaotoka Uingereza na kuingia Wales. Viza tumekwisha kupata, na sasa kinachonisumbua ni mizigo. Nimezaliwa kando ya Nalubaale (Ziwa Viktoria) na feri ya Kalangala nimeipanda mara nyingi, lakini kwenye feri mtu huketi saa chache tu na begi lake miguuni, kwa hiyo mazoea hayo hayanisaidii.

Nimenunua masanduku mawili makubwa ya magurudumu na gambuti za watu wote watatu. Je, vitafaa? Mama ana miaka 71, ana nguvu zake ila goti moja humsumbua. Tena ameazimia kumpelekea dada samli ya Ankole na nyama iliyokaushwa, nami sina moyo wa kumkatalia bila sababu ya kweli. Mwanangu hajui kuogelea, na hilo ndilo linaloninyima usingizi zaidi ya yote.

Msafiri wa Mbale

Mwalimu, masanduku hayo yaache nyumbani. Mashua hizo zina upana wa mita 2.08 hivi kwa nje, kwa sababu malango ya maji, yaani vyumba vya mawe vya kupandishia na kushushia mashua, yaliyojengwa zaidi ya miaka 200 iliyopita hayakuzidi sana upana huo, na ukiondoa unene wa kuta, jiko, choo na vitanda, kinachobaki ni kipito ambacho watu wawili hawawezi kupishana bila mmoja kujibana ukutani. Safari yangu ya kwanza nilibeba sanduku gumu. Kwa siku saba kila aliyeamka usiku kwenda chooni alijikwaa juu yake, hadi ikabidi tulipandishe mezani kila tulipolala na kulishusha kila asubuhi ili tupate pa kunywea chai. Chukueni mabegi ya kitambaa, ambayo nguo zikisha kutolewa hukunjwa na kusukumwa chini ya kitanda.

Kuhusu nguo, kumbukeni kwamba anayeshika usukani husimama nje, upande wa tezi, yaani nyuma ya mashua, mvua inyeshe isinyeshe, na mashua haizidi mwendo wa kilomita 6.4 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria. Akilowa saa nne asubuhi atabaki amelowa hadi mtakapofunga kamba. Kila mtu awe na koti la mvua lenye kofia, na suruali ya mvua ya kuvaa juu ya nguo. Makoti ya namna hiyo hayakosekani katika mivumba (mitumba) ya soko la Owino, Kampala, lakini yamwagieni maji nyumbani kabla ya safari, mkague mishono. Chini ya koti vaeni nguo nyepesi kadhaa badala ya sweta moja zito, maana mchana jua linaweza kuwaka na usiku joto likashuka chini ya nyuzi 10. Aliyewahi kulala Kabale anaijua baridi hiyo.

Jambo ambalo sisi watu wa ikweta hatulifikirii ni mwanga. Huku Uganda jua huzama saa moja mwaka mzima. Kule, mwishoni mwa mwezi wa tano, huzama baada ya saa tatu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mapazia ya mashua ni mepesi. Mchukulie mtoto kitambaa cha kufunika macho, la sivyo hatalala.

Plagi zetu za meno matatu ni zile zile za Uingereza, kwa hiyo msinunue adapta. Lakini umeme wa mashua hutoka kwenye betri, na pasi au kikausha nywele huweza kuumaliza mara moja. Acheni vyote viwili. Chai huchemshwa kwa birika kwenye jiko la gesi.

Kwa samli na nyama, mwambie mama kwa upole kwamba Uingereza hairuhusu abiria anayetoka nchi kama yetu kuingiza nyama wala bidhaa za maziwa, hata kidogo cha kula mwenyewe. Zitachukuliwa uwanja wa ndege na kuharibiwa, naye ataumia kuona jasho lake likitupwa.

Nahodha mstaafu (Entebbe)

Nakubaliana na Msafiri wa Mbale katika yote, ila naongeza lile alilolipita, gambuti. Mwalimu, usizichukue. Nimefanya kazi ya boti ziwani miaka mingi na nimeona gambuti zikimlemea mtu majini pale zinapojaa. Nilipoalikwa na mwanangu kwenye mifereji hiyo nilikuta pia kwamba mawe ya kingo za malango yana ukungu wa kijani, na soli pana isiyoshika huteleza juu yake. Chukueni viatu vya kamba vilivyofunika vidole, vyenye soli ya mpira iliyochongeka vizuri, na jozi ya pili ya kubadilisha ya kwanza ikilowa. Kwa mama mwenye goti linalouma hili si la hiari, kwa sababu kupanda na kushuka mashuani ni hatua ndefu inayofanywa mara nyingi kwa siku.

Sasa habari ya mtoto. Maji ya mfereji kwa sehemu kubwa yana kina cha mita moja au zaidi kidogo, na watu huyadharau kwa sababu hiyo. Hatari yenyewe iko katika malango, katika panga la injini, na katika uzito wa chombo, ambacho hupita tani 10. Lango ni chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma: mashua huingia, milango hufungwa, kisha maji huongezwa au kupunguzwa hadi yalingane na upande wa pili. Mahali pengi hakuna mfanyakazi wa kuwasaidia. Nyinyi wenyewe ndio mtakaoshuka, mzungushe vifungulio kwa mkono wa chuma na kuisukuma milango kwa mgongo. Kwa hiyo kila mtu mzima awe na glavu za kazi. Karibu na Whitchurch, mahali paitwapo Grindley Brook, mtakuta malango sita, matatu yakiwa yameungana kama ngazi. Mnaposhuka na maji, mashua isibaki nyuma ya mstari mweupe uliochorwa ukutani, kwa sababu kuna kizingiti cha mawe chini ya maji na tezi ikikaa juu yake mashua huinama na kuzama.

Jaketi ya kuokolea maisha aghalabu hutolewa na mwenye mashua ukiomba. Dada yako aombe mapema ya kipimo cha mtoto, akitaja uzito wake, na mtoto aivae kila anapokuwa nje, bila mjadala. Mwambieni pia asizuie kamwe mashua kwa mkono wala mguu inapokaribia ukingo. Na mkifika daraja la maji la Pontcysyllte, linalobeba mfereji juu ya bonde na lililokamilika mwaka 1805, mtoto akae ndani pamoja na mtu mzima: urefu wake kwenda juu ni mita 38, upande mmoja una njia ya miguu yenye vyuma, lakini upande wa pili hauna kizuizi chochote isipokuwa ukingo wa chuma wa mfereji wenyewe. Mtazameni bonde kupitia dirishani. Ni mandhari ambayo hamtaisahau.

Muuguzi wa Masaka

Mwalimu, kuna jambo dogo ambalo halichukui nafasi begini. Maji ya mifereji huweza kuwa na vijidudu vya leptospirosisi vinavyotokana na mkojo wa panya. Ni ugonjwa ule ule ambao wenzetu wa Tanzania waliuita homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022. Bebeni plasta zisizopenya maji kwa ajili ya michubuko ya mikono, na sabuni, na kila aliyeshika kamba iliyolowa anawe kabla ya kugusa chakula. Dawa za mama ziwe kwenye begi la mkononi, ndani ya vifungashio vyake vya asili, pamoja na barua ya daktari. Kama anavaa miwani, ifungie uzi wa shingoni.

Mwalimu wa Bugembe (Jinja)

Wazee wangu na ndugu zangu, nawashukuru kwa moyo wote. Gambuti nimezirudisha dukani, na masanduku nimemwachia jirani. Mama alinyamaza kwa muda mrefu niliposoma habari ya samli. Kisha akaniuliza kama simsim (ufuta) iliyokaangwa na leso (kanga) mbili vinaruhusiwa. Dada amekwisha kuomba jaketi ya mtoto. Je, leso zina kazi yoyote mashuani, au nimwambie achukue moja tu?

Msafiri wa Mbale

Simsim haina nyama wala maziwa, kwa hiyo katazo hilo haliigusi, lakini iwe kavu, imefungwa vizuri, na dada yako aangalie orodha yao kabla hamjaondoka. Leso achukue zote mbili, na ikiwezekana ya tatu. Hukauka upesi kuliko taulo, moja itatundikwa dirishani kuzuia mwanga, na usiku wa baridi mama atajua mwenyewe pa kuifunga.